Fundo la Kumi na Nne

Kwanza kililia king'ora. Kilianzia upande wa viwandani, kirefu na kizito, kikapita juu ya mabati ya mtaa wa Kamenu mpaka vikombe vikatetemeka kwenye rafu. Kisha, kabla mlio haujaisha, ikasikika miguu. Miguu mingi, midogo, mingine ina viatu na mingine haina, ikipiga sakafu ya saruji mbio.

Absalom alikuwa ndani ya choo cha uani, mlango umefungwa, haoni kitu. Alifikiri ni moto. Alifunga mshipi ovyo, akausukuma mlango kwa bega na kutoka akiuliza kwa sauti, "Nini? Kumetokea nini?"

Hakukuwa na moto wowote. Kulikuwa na watoto tu. Walikuwa wamejazana kwenye lango la Mama Samir, nyuso zimebanwa kwenye nondo, wote wakisema kwa pamoja.

"Mama yangu ndiye wa kwanza!"

"Wako bado! Wangu ana baiskeli!"

"Naona kilemba! Kile chekundu ni cha mamangu!"

Nafuna, mwanamke aliyemsaidia Mama Samir kulea wale watoto, alikuwa akianua nepi kwenye kamba. Alimtazama Absalom kuanzia mshipi mpaka viatu, akacheka.

"Baba Akello, ulidhani tumevamiwa?"

"Wanakimbilia nini?"

"Si king'ora cha saa kumi? Mama zao wanatoka kazini. Kila siku ni hivi, hata kukinyesha. Kwani hukujua?"

Hakujua. Binti yake Akello alikuwa ameshinda pale mwaka mzima, na yeye hakuwahi kufika saa kumi hata siku moja. Si kwamba alikuwa na kazi. King'ora kile kile ndicho kilichomwachilia yeye pia kutoka kwenye mitambo ya kufumia nguo. Lakini nje ya geti la kiwanda palikuwa na ubao wa drafti, unaochezwa kwa vifuniko vya soda, na Absalom ndiye aliyekuwa bingwa wa ubao ule. Bingwa haondoki wenzake wakabaki wakisema ameogopa. Basi alifika saa kumi na mbili kasorobo, pengine na dakika zake juu, akasema "ovataimu" kwa sauti ya mtu aliyechoka, akambeba mtoto na kwenda. Mkewe Aoko alikuwa shifti ya mchana kwenye kiwanda cha matunda na hakutoka mpaka saa nne usiku, kwa hivyo kumchukua Akello ilikuwa kazi ya Absalom peke yake.

Alimtafuta kwa macho pale langoni asimwone. Mara Akello akatokea mlango wa jikoni, miaka mitatu na nusu, ameshika mwiko mrefu kuliko mkono wake.

"Akello, unafanya nini jikoni?"

"Nashika."

"Unashika nini?"

"Mwiko," Akello alisema, kama anayemweleza mtu asiyeona.

Absalom alicheka, akasahau. Hakuwa amekuja kwa ajili ya miko. Alikuwa ameomba ruhusa kazini kwa sababu wazazi wote walikuwa wameitwa kwenye mkutano, na alikuwa na maneno ya kusema.

Walipokwisha kufika, waliketi kwenye viti vya watoto, magoti yamegusa videvu. Mama Samir alisimama mbele yao. Jina lake hasa lilikuwa Mwanaharusi. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mfupi, kitambaa cha kichwa kimefungwa sawasawa, na kwa miaka kumi na mmoja aliyolea watoto wa wafanyakazi wa Thika hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti.

"Wazazi, habari zenu. Nataka kuwapeleka watoto Ruiru, kwa Kagwe. Jumamosi ya pili ya Desemba."

Palitokea mguno. Kwa Kagwe kila mtu alikujua. Mzee huyo alikuwa ameugeuza uwanja wa kuanikia kahawa kuwa bustani ya michezo: farasi wa mbao wanaozunguka, garimoshi dogo linalozunguka ua, jumba la hewa la kurukaruka, na gurudumu kubwa linalompandisha mtu mpaka akaona mashamba ya ng'ambo. Watoto wa shule walikwenda na kurudi wakijigamba. Lakini watoto wa miaka miwili, mitatu, minne? Hakuna aliyewahi kujaribu kuwapeleka kundi zima.

"Si uwapeleke tu hapa Chania waone maporomoko?" aliuliza Ephantus, aliyekuwa na mtoto wa miaka miwili. "Ni karibu."

"Maporomoko hayana ua, Ephantus. Kwa Kagwe kuna ukuta na lango moja."

Hapo Absalom akasimama, ingawa hakuna aliyemwita.

"Pasaka, mtaa ule wa juu walipeleka watoto kwa maonyesho. Wakubwa, wa darasa la tatu! Walimu sita! Na bado mmoja alipotea asubuhi akapatikana jioni kwa kituo cha polisi, amelala kwa benchi. Wewe na Nafuna ni wawili. Watoto ni kumi na wanne, na wengine bado wanafungwa nepi. Mimi wangu simtoi. Na mtu mwenye akili hatamtoa wake."

"Baba Akello ana mdomo kama redio," alisema mama mmoja nyuma.

"Redio angalau huzimwa," Nafuna akajibu, na chumba kizima kikacheka.

Mama Samir alingoja kicheko kiishe.

"Umemaliza, mwanangu?"

"Nimemaliza."

"Basi nisikilize. Asipoonekana mtoto mmoja, hata kwa dakika moja, Jumatatu lango hili silifungui. Nitawarudishia watoto wenu na viti hivi nitaviuza."

Hakuna aliyecheka tena. Lango lile lisipofunguliwa, akina mama wangapi wangeweza kwenda kazini? Lakini Mama Samir alikuwa bado anamtazama Absalom.

"Na wewe utakuja nasi. Mtu aonaye hatari zote hizo, macho yake nayataka yawe upande wangu."

Absalom aliketi. Kwenye ubao wa drafti, hakuna aliyewahi kumla vifuniko vyake vyote kwa mkupuo mmoja namna ile.

*

Alidhani kupanga safari ni kutafuta gari na kununua soda. Jumapili iliyofuata Mama Samir alimwita waende Ruiru kukagua mahali, akambeba na mjukuu wake Rayan, wa miaka miwili.

"Mtoto wa nini sasa?" Absalom aliuliza.

"Ndiye kipimo," alisema Mama Samir.

Na kweli, walipofika kwa Kagwe alimshusha Rayan pale langoni, akamwacha atembee mwenyewe. Rayan alitembea, akaketi, akaokota kijiti, akatembea tena. Mama Samir alimfuata nyuma akihesabu hatua. Kutoka langoni mpaka kwa farasi, hatua mia moja na ishirini za Rayan. Kutoka kwa farasi mpaka vyooni, mia mbili na kumi, na Rayan hakufika, alikojoa njiani.

"Umeona?" alisema Mama Samir, bila kuudhika hata kidogo. "Kutoka kwa farasi ni mbali mno. Tutawapeleka choo kwanza, ndipo farasi."

Kisha alifanya jambo ambalo Absalom hakulisahau. Alipiga magoti katikati ya bustani, mwanamke mzima, watu wakimwangalia, akageuza kichwa polepole pande zote.

"Mama, umeangusha kitu?"

"Piga magoti uone wanachoona wao."

Absalom alitazama huku na huku kwanza, kisha akapiga magoti. Gurudumu kubwa lilitoweka. Farasi walitoweka. Aliona magoti ya watu, mapipa ya takataka, mbwa mmoja, na kwa mbali mtu anayeuza sukari ya pamba.

"Hapa chini," alisema Mama Samir, "kitu kizuri kuliko vyote ni mbwa. Kwa hivyo mbwa ndiye tutakayemchunga, wala si gurudumu."

Mzee Kagwe mwenyewe alikuja, mikono nyuma.

"Mama, umekuja kucheza ama umetumwa na serikali?"

"Nimekuja kukuletea wageni kumi na wanne. Kivuli cha mti ule huangukia wapi saa nne na nusu?"

Kagwe alikuna kichwa. Tangu afungue ile bustani hakuna aliyewahi kumuuliza swali kama lile. Aliwatembeza kila mahali. Akaomba radhi kwamba stima ilikuwa imekatika tangu asubuhi, hivyo gurudumu lilikuwa limesimama na mitambo yote iko kimya. Mama Samir akasema ni vizuri, kimya kinamsaidia kuhesabu. Penye gurudumu palikuwa na mstari uliopakwa rangi kwenye nguzo: asiyeufikia haingii. Mama Samir alisimamisha leso yake kando ya nguzo na kuifunga fundo usawa wa ule mstari.

Jumanne yake lile fundo lilikuwa alama ya chaki kwenye mwimo wa mlango wa Kamenu. Watoto walipimwa mmoja mmoja. Watano waliufikia mstari. Tisa hawakuufikia, na hao tisa wakalia kilio ambacho majirani walitoka kuja kukishangaa.

"Unawaliza bure!" Absalom alisema. Alikuwa akipitia pale jioni siku hizi, baada ya drafti yake, kusaidia.

"Wacha walie hapa Jumanne, wakiwa kwao, kuliko walie kule Jumamosi mbele ya gurudumu. Jumamosi watakuwa washajua wao ni wa farasi. Na farasi watawapenda."

Absalom alianza kwenda nyumbani akimsimulia Aoko. Alimngoja mkewe atoke shifti, akamweleza kabla hata hajavua viatu. Ati soda haitabebwa, kwa sababu soda huingia kwa kelele na kutoka kwa kelele. Watabeba ndizi na viazi vitamu. Ati gari litasimama Juja, wapende wasipende, wakojoe. Ati watafika kwa Kagwe saa tatu farasi hawajapata wenyewe, na saa saba watakuwa wameondoka, kwa kuwa saa saba mtoto wa miaka mitatu si mtoto tena, ni askari jela.

"Na wewe ndiwe uliyempinga?" Aoko aliuliza.

"Nilimpinga kabla sijajua."

"Hebu sema hilo tena. Niwaite majirani wasikie?"

Yeye mwenyewe alileta vitambaa vya rangi ya machungwa, vipande vilivyobaki kiwandani, na Nafuna akavishona kuwa aproni kumi na nne. Absalom alipendekeza majina yaandikwe kifuani, makubwa. Mama Samir akayaandika kwa ndani.

"Yakiwa nje, kila mgeni atamjua mtoto wako kwa jina. Akiitwa jina lake, mtoto wa miaka minne atamfuata yeyote."

Lilikuwa jambo dogo, la sindano na uzi, lakini Absalom hangelifikiria hata kama angekaa mwaka.

Juu ya yote palikuwa na kamba. Ilikuwa na mafundo kumi na manne, kila fundo na mtoto wake. Mbele angetangulia Mama Samir, katikati Nafuna, na fundo la mwisho lilikuwa la Akello, kwa sababu nyuma yake angekuwa Absalom. Walifanya mazoezi mitaani kila asubuhi, wakiimba wimbo aliowatungia Mama Samir:

*Kamba yetu ina fundo,*
*fundo langu mimi hili;*
*hata kuje na kishindo,*
*silegezi, sikubali.*

Jumamosi moja kabla ya safari Absalom alipewa kazi ya kuwa kishindo. Aligonga sufuria nyuma yao. Alibweka. Alipiga honi ya baiskeli ya kuazima, akajirusha mbele yao kutoka nyuma ya duka akinguruma mpaka mwenye duka akatoka na rungu. Watoto walipiga mayowe ya furaha, lakini mikono yote kumi na minne ilibaki imekaza mafundo.

"Wamehitimu," alisema Absalom akihema.

"Tutaona," alisema Mama Samir, akaitundika kamba kwenye msumari wake.

*

Walikwenda kwa gari la Ahmad, mdogo wake Mama Samir, ambalo siku nyingine lilipeleka mikate madukani. Rafu zilikuwa zimetolewa, magodoro yamelazwa, na watoto walifika Ruiru wakinukia skonzi. Juja walikojoa wote isipokuwa Sumeya, aliyesema hana. Hatua ishirini baada ya gari kuondoka akasema anayo. Mama Samir alikuwa amebeba kopo.

Saa tatu kamili walikuwa langoni. Mlinzi, mtu mmoja mrefu aitwaye Urbanus, aliiangalia ile kamba ya machungwa ikiingia ikiimba, akavua kofia.

Kila kitu kilikwenda kama kilivyopangwa, na Absalom, aliyetembea nyuma ya fundo la kumi na nne, alihisi kiburi kana kwamba ni yeye aliyepanga. Choo kwanza. Kisha farasi, ambao hawakuwa na foleni. Wale tisa walipanda na hakuna aliyelitazama gurudumu hata mara moja. Akello alipanda farasi mweupe akamshika masikio, na kila alipozunguka akafika mbele ya babake alisema neno moja tu, "Tena!" Kisha garimoshi. Mbwa alipotokea, Nafuna alikuwa tayari amesimama kati yake na watoto. Saa nne na nusu kivuli cha mti kiliwangoja palepale walipokiacha, wakaketi, wakamenyewa ndizi. Wazazi wengine, wenye watoto wawili wanaogaragara chini wakililia sukari ya pamba, waliwaangalia kwa wivu.

"Mama," alisema Absalom, na hakuwa mtu wa kusema mambo kama hayo, "nchi hii ingepewa wewe uipange."

"Kula ndizi yako."

Ndipo, saa tano kamili, kikalia king'ora.

Kagwe alikuwa amekinunua kwenye mnada wa kiwanda kimoja kilichofungwa. Alikiliza kukiwa na watu wengi, kuwajulisha watoto walio ndani ya jumba la hewa kwamba zamu yao imekwisha. Ile Jumapili ya ukaguzi stima haikuwako, na hakikusikika. Kilikuwa kirefu na kizito. Mlio ulikuwa ule ule wa Kamenu.

Watoto kumi na wanne waliinua vichwa. Ndizi zilianguka. Kamba ilianguka. Kabla Absalom hajaelewa anachokiona, aproni za machungwa zilikuwa zinapita kati ya miguu ya watu, chini ya mabenchi, katikati ya foleni, na ile miguu midogo ikipiga saruji ya uwanja wa zamani wa kahawa kama alivyoisikia akiwa chooni Kamenu.

Alikimbia. Aliruka benchi, akaangusha sinia la mtu, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nje ya lile lango kulikuwa na barabara. Alipofika alimkuta Urbanus amesimama ametanua mikono, amefunga lango kwa mgongo wake, akiuliza mbingu, "Hawa ni wa nani? Jamani, hawa ni wa nani?"

Na wao walikuwa hapo. Walikuwa wamejazana kwenye nondo, nyuso zimebanwa, wakiitazama barabara ya Ruiru.

"Mama yangu ndiye wa kwanza!"

"Naona kilemba!"

Mama Samir alifika akitembea upesi, mkono kifuani. Aliwaangalia kwa muda wa pumzi moja.

"Ni saa kumi yao," alisema polepole. "Ewe Mola wangu. Nilipanga kila kitu, nikasahau saa kumi."

Nafuna alikuwa akiwagusa vichwa akihesabu. Alihesabu mara ya pili. Kisha akainua macho, na hakumwangalia Mama Samir, alimwangalia Absalom.

"Kumi na watatu."

Absalom alijua kabla hajatazama. Alikimbia kwa farasi. Alikimbia kwa garimoshi, akachungulia chini ya mabehewa. Alikimbia vyooni, akaita, "Akello! Akello, nyara, binti yangu!" mpaka watu wakaacha foleni zao. Aliporudi langoni maneno yalimtoka kama kawaida yake, mengi na ya moto.

"Nilisema! Nilisema mbele ya watu wote! Mmoja tu, nilisema, na angalia! Na ni wangu! Kati ya wote ni wangu!"

Watu walikuwa wamekusanyika. Mama Samir hakupaza sauti hata wakati ule.

"Ulisema, ni kweli. Sasa nyamaza nifikiri." Kisha akauliza, "Baba Akello, king'ora kikilia saa kumi, mtoto wako huenda wapi?"

"Si hukimbia langoni na wenzake?"

"Hakimbii."

"Vipi hakimbii?"

"Mwanzoni alikimbia. Wiki mbili hivi. Alisimama na wenzake, wakachukuliwa mmoja mmoja, mpaka lango likabaki na yeye peke yake. Siku moja hakwenda. Alikuja jikoni akaniomba mwiko. Tangu siku hiyo king'ora kikilia huja jikoni, akanishikia mwiko mpaka ufike wewe." Alisema hivyo kama mtu anayetaja upande wa vyoo, bila kumlaumu. Kisha akamgeukia mlinzi. "Urbanus, hapa jiko liko wapi?"

Urbanus alionyesha kwa kidole. Nyuma ya kibanda cha tiketi palikuwa na banda la mabati linalofuka moshi.

Absalom alifika wa kwanza. Ndani palikuwa na mpishi mnene akikaanga viazi, na mbali na moto, juu ya kreti la soda lililogeuzwa, aliketi Akello. Aproni ya machungwa ilikuwa imenyooka vizuri. Alikuwa ameshika mwiko kwa mikono miwili, ameusimamisha wima, akitazama mlangoni.

"Huyu ni wako?" aliuliza mpishi. "Ameingia hapa, ananiambia, 'Nashika.' Nikasema haya, shika basi. Mtoto amekaa kama askari."

Absalom alipiga magoti, safari hii bila kuangalia huku wala huku. Kutoka pale chini aliona alichokiona Akello: mlango, mwanga, na hakuna mtu anayekuja.

"Ovataimu imeisha?" Akello aliuliza.

Absalom alimkumbatia yeye na mwiko wake.

Mama Samir alisimama mlangoni akihema, kamba mkononi. Alikuwa ameikunja.

"Watoto wote wako kwa Nafuna," alisema. "Huyu hakuonekana kwa dakika saba, nimeangalia saa. Nilisema dakika moja, mwanangu, na nilisema mbele ya watu."

Absalom alimtazama yule mwanamke aliyehesabu hatua za Rayan, aliyewaacha watoto walie Jumanne ili wasilie Jumamosi, aliyejua kila mtoto huenda wapi anapomngoja mtu asiyekuja. Alikuwa tayari kwenda kufunga lango lake kwa sababu ya neno alilolisema. Na neno lile alilichokoza yeye, Absalom. Shingo yake ilikuwa nzito kuinama, lakini aliinama.

"Mama, huyu hukumpoteza wewe. Nilimpoteza mimi, zamani, huko Kamenu, na wewe ndiye umekuwa ukinishikia. Wazazi nitawaambia mwenyewe. Nitasimama kama nilivyosimama siku ile, na kwa mdomo huu huu."

"Utawaambia kweli yote? Hata drafti?"

Absalom alishtuka. "Ulijua?"

"Thika nzima inajua wewe ni bingwa." Alitazama kamba mkononi mwake, kisha akaanza kuikunjua. "Haya. Jumatatu nitafungua. Lakini nitakuwa langoni saa kumi, na nitakuwa nikitazama njia."

Alimpa Akello fundo la mwisho. Akello aliliangalia, akauangalia mwiko, akaona hawezi kushika vyote viwili. Alimrudishia mpishi mwiko wake, kwa heshima, mpini mbele. Nje, wale kumi na watatu walikuwa wameanza kuimba.

"Akello," Absalom alisema, na alisema kwa sauti, mpishi akisikia, Mama Samir akisikia, na Urbanus aliyekuwa amechungulia mlangoni akisikia pia. "Hakuna ovataimu. Haikuwako hata siku moja. Jumatatu king'ora kikilia usiende jikoni, kimbia langoni na wenzako, shika nondo uangalie njia. Atakayetokea wa kwanza, mbele ya mama zao wote, nitakuwa mimi."